Nimeokoka Mara Nne

Mimi nimeokoka mara nne. Siandiki hivyo kwa mzaha, na waliolelewa kwenye makanisa ya Mbeya wanajua kwamba mara nne wala si nyingi.

Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, kwenye kongamano la UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, siku za Pasaka. Mhubiri alikuwa kijana wa chuo, sauti imemkauka, jasho linamtiririka katika baridi iliyotufanya sisi tujifunge mashuka juu ya masweta. Akasema, "Yupo mtu hapa ambaye usiku huu ni wa mwisho kwake." Nikajua ananisema mimi, maana Alhamisi nilikuwa nimechota sukari kwenye tranka la mwenzangu. Nikatoka mbele karibu kwa kukimbia, nikaongozwa sala ya toba, nikarudi bwenini mwepesi kama karatasi. Asubuhi nikamrudishia mwenzangu sukari yake, pungufu ya vijiko viwili.

Mara ya pili ilikuwa viwanja vya Ruanda Nzovwe, nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Nilikuwa nimeshapoa, kama tunavyosema sisi walokole, na mkutano ule wa injili wa wiki nzima ulinikuta pembeni ya uwanja nauza mayai ya kuchemsha. Mwito ulipotolewa nikamwachia muuza karanga ndoo yangu, nikaenda mbele. Niliporudi mayai matatu hayakuwapo. Sikuuliza. Nilikuwa kiumbe kipya.

Mara ya tatu, Iringa, mwaka wa pili chuoni, kwenye mkesha. Saa tisa usiku, mwezi wa saba, upepo wa Iringa unapenya kwenye vioo vilivyopasuka. Hiyo sitaisimulia hapa kwa sababu nitairudia.

Ya nne ndiyo ya aibu. Nilikuwa kwenye Coaster kutoka mjini kwenda Tukuyu, tumeshaipita Igawilo, redio ya gari inatoa mahubiri. Mhubiri akasema kama huna uhakika, papo hapo ulipo, weka mkono kifuani. Nikauweka. Konda alikuwa amesimama juu yangu anadai nauli. Nikamwonyesha kidole, subiri kwanza, nikamalizia "Amina", ndipo nikaingiza mkono mfukoni.

Siku hiyo hiyo nilimwambia bibi yangu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko anachambua maharage, na ukungu umeufuta Mlima Rungwe wote. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema, "Bibi, leo nimeokoka."

"Tena?" Hakuinua macho kwenye ungo. Tulikuwa tunaongea Kinyakyusa, ambacho kwa mambo ya aina hii hakina huruma. "Mama yako alikuzaa mara ngapi?"

"Mara moja, bibi."

"Na tangu hapo umekula mara ngapi?"

Akatupa punje iliyooza kwa kuku. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ndizi.

Nimelitafuna swali hilo zaidi ya miaka kumi na tano. Nilichokuwa nafanya mimi ni kuzaliwa kila nilipohisi njaa. Wokovu wangu ulikuwa kama LUKU, umeme wa kulipia kabla: unanunua yuniti kwenye mkutano, unawasha taa zote, unaimba, unawahubiria watu kwenye daladala, halafu taratibu mita inahesabu kurudi nyuma, inaanza kulia, na siku moja umekasirika, umesema uongo, umetazama kitu usichopaswa kutazama, nyumba nzima giza. Unaenda kununua upya. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Wote waliniambia wokovu ni kwa neema. Ila wakishamaliza kusema neema walinikabidhi orodha.

Hapa niseme kidogo kuhusu lugha yenyewe, maana nafikiri Kiswahili chetu kilinificha jambo. Tuna "kuokoka" na tuna "kuokolewa". Ukisema "nimeokolewa", anayekusikiliza anasubiri umalizie: na nani? Ukisema "nimeokoka", sentensi imefunga. Mlango umefunguka, chungu kimevunjika, kamba imekatika, mtendaji hayumo. Biblia inatumia vyote viwili, sitaki kuanzisha dhehebu juu ya viambishi. Lakini ule mstari tunaoukariri sote, Waefeso 2:8, umeandikwa "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Mmeokolewa. Sasa sikiliza shuhuda zetu: "Niliokoka mwaka fulani, niliacha pombe, niliacha sigara, nilianza kuamka saa kumi alfajiri." Ni mimi, mimi, mimi, na mwishoni "Bwana Yesu asifiwe". Nilikuwa bingwa wa ushuhuda wa namna hiyo. Nilikuwa na wa dakika tano na wa dakika ishirini, kutegemea ratiba.

Na "neema" je? Si neno la mimbarani tu, ni la shambani pia. Mwaka wa neema ni mwaka ambao mahindi yamekosa ghala la kuyatosha. Magazeti yetu bado yanaandika neema imewashukia wakulima wa zao fulani, ukisoma ndani unakuta imeletwa barabara ya kokoto. Neema ni kitu kinachomwagika juu yako kutoka mahali usipopatawala, kama mvua ya Rungwe, ambayo kusema kweli haina hata adabu ya kusubiri masika.

Wanyakyusa wanalo jina lake: Ipyana. Kama umesoma shule yoyote kati ya Kiwira na Kyela, darasani mlikuwa na Ipyana angalau mmoja, na huenda alikuwa mvulana, huenda msichana. Neema. Tulikuwa pia na akina Lwitiko, Lusubilo na Lugano, yaani Imani, Tumaini na Upendo, kiasi kwamba mwalimu wa zamu akiita majina asubuhi ilikuwa kama anasoma mstari wa mwisho wa Wakorintho wa Kwanza sura ya 13. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria mtoto anapewa jina hilo lini. Anapewa akiwa mchanga. Hajasoma, hajaimba kwaya, hajatoa zaka. Ana siku chache duniani, na anachojua kufanya ni kulia na kuchafua nguo. Ndiyo Ipyana huyo.

Wazee wetu waliopokea habari hii waliipokea kutoka kwa watu wenye historia ya ajabu kidogo. Wamishenari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 kutoka Ujerumani, wakipitia Ziwa Nyasa, na mwaka huo huo wenzao wa Misheni ya Berlin walikuwa wanaanza kazi jirani yao. Chimbuko la hawa wa kwanza ni kijiji cha Herrnhut, kwenye shamba la bwana mkubwa mmoja, Zinzendorf, aliyewapa hifadhi wakimbizi wa imani. Wakimbizi hao waligombana vizuri sana mpaka Agosti 1727, walipopatana kwenye Meza ya Bwana. Kanisa la Wamoravian huitazama siku ile kama siku ya kuzaliwa upya, na mimi hufurahi kwamba lilizaliwa kwenye upatanisho wa watu waliochokana.

Ila kisa ninachokipenda ni cha Mwingereza aliyekutana nao safarini. John Wesley alikuwa tayari mchungaji, msomi wa Oxford, mtu wa kufunga na kutembelea wafungwa na kuandika kila saa aliyoitumia. Mwanzoni mwa mwaka 1736 alikuwa melini kwenda Georgia, Marekani, kuhubiria wengine, tufani ikaipiga meli, tanga kubwa likapasuka. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian waliokuwamo, pamoja na wake zao na watoto, waliendelea na zaburi yao waliyokuwa wanaimba. Wesley aliyashika hayo moyoni. Alirudi London miaka miwili baadaye amevunjika moyo, akamwuliza Mmoravian kijana, Peter Böhler, kama aache kuhubiri kwa kuwa hana imani anayoihubiri. Böhler akamwambia ahubiri imani mpaka aipate, na akishaipata ataihubiri kwa sababu anayo. Tarehe 24 Mei 1738, kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, mtu akisoma maneno ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, Wesley akahisi moyo wake umepata joto lisilo la kawaida, akajua kwamba anamtegemea Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu.

Kwenye mahubiri kisa huishia hapo, watu wanasema amina. Kwangu utamu uko mbele. Miaka miwili tu baadaye, 1740, Wesley aliachana na kundi la Fetter Lane alikokuwa anasali pamoja na Wamoravian. Baadhi yao walikuwa wanafundisha kwamba mtu asiye na imani kamili asisome, asiombe, asishiriki Meza ya Bwana. Atulie tu, asubiri. Wesley akaona huo ni upotofu. Mwaka 1741 yeye na Zinzendorf wakakutana London wakabishana, kwa Kilatini: je, mtu aliyeokolewa anakua katika utakatifu ulio ndani yake, au utakatifu wake wote uko ndani ya Kristo tangu siku ya kwanza? Hawakuelewana. Kwa hiyo ukiona mwanakwaya na mzee wa kanisa wanabishana jambo hilo hilo nyuma ya kanisa huko Uyole, usishtuke. Wako kwenye foleni ndefu.

Sasa nirudi Iringa.

Chuoni nilikuwa na daftari, lile gumu la kaunta, kurasa 96, jalada nyekundu. Nilichora safu kwa rula. Saa za maombi, sura za Biblia, siku za kufunga, watu niliowashuhudia. Kila Jumapili usiku nilijumlisha. Wiki ikizidi wiki iliyopita niliandika kwa wino wa bluu, ikipungua niliandika kwa wino mwekundu. Nilikuwa katika kundi la watu wanaofanya hivyo, tukiita hilo kuukulia wokovu, neno zuri kutoka Waraka wa Kwanza wa Petro, ambaye kwa bahati mbaya yetu anaongelea watoto wachanga na maziwa, hana habari ya rula.

Ijumaa moja jioni, mwenzangu wa chumbani alikuwa anatetemeka kitandani kwa malaria. Aliniomba nimsindikize zahanati. Nilikuwa dakika ya kama ishirini ya saa yangu ya maombi, nimepiga magoti upande wa pili wa chumba. Nikamwambia, kwa upole kabisa, "Kaka, nipe dakika arobaini." Nilisikia anavaa viatu. Nilisikia mlango. Nikaendelea kuomba, na nilimwombea yeye pia, kwa jina. Kisha nikafungua daftari nikaandika: saa moja, imetimia. Kwa bluu.

Alirudi usiku na dawa, amesindikizwa na mlinzi wa geti, mzee ambaye sote tulijua kwamba jioni jioni hupitia kilabu cha pombe ya ulanzi. Mlinzi alimvua viatu, akamfunika, akaniuliza kama tuna maji ya kunywa. Hatukuwa nayo. Akaenda kuyaleta.

Wiki iliyofuata ndiyo ile ya mkesha na kuokoka mara ya tatu. Nilitoka mbele nikilia kweli kweli, lakini wala sikulia kwa ajili ya mwenzangu. Nililia kwa sababu namba zilikuwa zimeshuka. Kisa cha malaria kilinichoma baadaye sana, nikiwa nimeshaoa, wakati mke wangu alipokuwa mgonjwa na mimi nikajikuta natazama saa.

Paulo aliwauliza Wagalatia, "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Ningepigiwa simu nikaulizwa hilo mwaka ule ningejibu ndiyo, na ningetuma picha ya daftari.

Kilichonisaidia hatimaye kilikuwa miche ya parachichi. Nasema hivyo nikijua mifano ya shambani imechakaa kwenye mimbari zetu. Kuna mhubiri nimemsikia mara tatu akilitumia Daraja la Mungu, lile la mwamba lililotanda juu ya Mto Kiwira bila fundi, kama mfano wa msalaba, na kila mara amewaambia watu wavuke wakati wageni wanaokwenda pale husimama kupiga picha. Lakini hili la miche lilinipata mimi mwenyewe, kwa hasara.

Baada ya kazi ya ofisini kuisha ghafla nilirudi Rungwe nikaanzisha kitalu. Kila mtu alikuwa anapanda parachichi aina ya Hass kwa ajili ya soko la nje, na kila anayepanda alihitaji mche. Kazi yenyewe ni hii. Unaotesha kokwa ya parachichi la kienyeji kwenye kiriba. Shina likifikia unene wa penseli unalikata kichwa, unalipasua katikati. Unachukua kikonyo kutoka mti mama wa Hass, unakichonga ncha kama kabari, unakichomeka kwenye ule mpasuko, ganda likutane na ganda, unafunga kwa nailoni kwa nguvu, unavika mfuko juu, unaweka kivulini. Sisi tunaita kubebesha. Mche wa kienyeji unabebeshwa kikonyo. Ukishika, mwaka wa tatu au wa nne unaanza kukupa matunda, wakati ule ulioachwa uendelee na njia zake unaweza kukuweka miaka mingi zaidi.

Aliyenifundisha ni mzee wa jirani, mkononi hana alama ya cheti chochote, lakini kisu chake kinakata kama wembe. Nilibebesha arobaini siku ya kwanza. Akaniambia nisiiguse kwa wiki tatu au nne isipokuwa kuinywesha maji.

Siku ya tisa nikashindwa. Nilitaka kujua. Nikafungua nailoni ya mmoja, nikachungulia kiungo, sikuona kitu cha maana, nikafunga tena. Nikafungua wa pili, nipate kulinganisha. Nilifika wa kumi na saba mvua ikanifukuza. Mwisho wa mwezi ile kumi na saba ilikuwa imekauka yote, vikonyo vyeusi kama vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwashwa. Katika mingine, mingi ilikuwa imetoa majani madogo yenye rangi ya shaba.

Mzee akaja, akatazama mstari ule mweusi. "Ulifungua?"

"Shikamoo. Ndiyo, nilitaka kuona kama imeshika."

"Marahaba. Ingeshika ungeona majani."

Nilibaki nimesimama pale baada ya yeye kuondoka. Mara nne. Kongamano, Ruanda Nzovwe, mkesha, Coaster. Na daftari kila Jumapili usiku. Nilikuwa nafungua nailoni.

Jioni ile nilisoma Warumi 11 kama fundi wa kitalu, na nikaona jambo ambalo nina hakika wakulima waliliona zamani wakacheka. Sisi tunachukua kikonyo kizuri tunakibebesha shina la kienyeji. Hakuna mwenye akili anayekata Hass akabebesha juu yake tawi la porini. Kikonyo hubaki na asili yake, utavuna tu yale yale ya porini. Paulo anasema Mungu amefanya hivyo hasa. Amekata tawi la mzeituni mwitu akalipandikiza kwenye mzeituni mwema, na Paulo mwenyewe anajua kwamba kazi hiyo imekaa kichwa chini, maana anaandika "kinyume cha asili". Kisha analiambia tawi lisijisifu: "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Kubebesha kabisa. Mimi ndiye niliyebebwa, na nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani nimebebeshwa mzigo.

Na kama tawi la porini linaanza kuzaa tunda la shina jema, jambo ambalo kitaluni kwangu halijatokea hata mara moja, basi kukua kwa Mkristo nako ni muujiza ule ule unaoendelea. Kuna mstari kwenye Waebrania 10 ambao Kiswahili kimeutendea haki: "kwa toleo moja amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa." Amewakamilisha, -me-. Wanaotakaswa, -na-. Limekwisha, na linaendelea, kwa watu wale wale, katika sentensi moja. Zinzendorf angeshika nusu ya kwanza, Wesley nusu ya pili, na wangerudi kwenye Kilatini chao.

Najua swali linalokuja kwa sababu nimeulizwa kwenye jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba, na aliyeuliza alikuwa mkali: kwa hiyo tulale? Tusifunge, tusiamke alfajiri, vijana wanywe ulanzi, neema ipo?

Hapana. Kitalu hakilali. Mche ulioshika hutoa vichipukizi chini ya kiungo, kutoka lile shina la zamani, na vinakua haraka kuliko kikonyo kwa sababu viko nyumbani kwao. Kila wiki napita navunja kwa ukucha. Mfano wangu hapa unageuka tena, mashina yamebadilishana nafasi, mnisamehe. Hakuna mfano unaofika Tukuyu bila kupata pancha. Ninachosema ni kwamba kuvunja vichipukizi hakujawahi kuunganisha kikonyo na shina. Navunja kwa sababu kimeshika. Paulo alimwandikia Tito kwamba neema ya Mungu imefunuliwa "nayo yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia". Neema ndiyo mwalimu, na bado darasani kuna kazi. Naamka alfajiri hata leo, naomba, nasoma. Daftari ndilo limekwenda. Kurasa zilizobaki naandikia wadaiwa wa miche.

Kuhusu wanaouza mafuta, maji na vitambaa ili upande mbegu ya fedha uvune gari, sina la kusema zaidi ya kwamba jina la neema halipaswi kuwekwa karibu na risiti.

Nililojifunza juu ya matendo mema nimelipata zaidi kwa bibi, kwenye sikukuu ya mavuno. Wanaojua mnada wa mavuno wanajua: ibada ikiisha, mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, kuku na mayai vinanadiwa nje, bei zinapanda kwa furaha. Mwaka ule bibi alikuwa na jogoo mmoja tu, na alimpeleka. Mfanyabiashara mmoja kijana alimpandia bei hata tukacheka, akalipa, kisha akamchukua jogoo, akavuka uwanja, akamrudishia bibi mikononi.

Bibi hakumpokea mara moja. Alirudisha mikono nyuma. "Nimeshamtoa." Kijana akasema, "Na mimi nimeshamlipia, bibi." Walisimama hivyo, jogoo katikati yao miguu imefungwa, mpaka mama mmoja akasema kwa sauti, "Pokea wewe!" Nilimtazama bibi yangu, mwanamke aliyewalea watoto saba na wajukuu wasiohesabika, akitetemeka mdomo kwa sababu ya kuku wake mwenyewe. Alisema "ndaga", yaani asante, polepole, akampokea.

Jumatatu alikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Alitoa mkungu kwa jirani waliyenuniana naye juu ya mpaka wa shamba la chai. Hakuna aliyemwagiza. Alipita njia ya mkato, mkungu kichwani, na sisi wajukuu tukamfuata tukidhani kuna ugomvi tutakaouona. Hatukuona ugomvi wowote, tukarudi tumekasirika.

Amelala sasa kwenye makaburi ya kanisa. Pasaka alfajiri, kama ilivyo desturi ya Wamoravian tangu kule Herrnhut, tunakwenda huko kabla ya jua, tarumbeta zinatangulia, midomo ya wapigaji imekufa ganzi kwa baridi na noti za kwanza hazikai sawa. Mchungaji anasema Bwana amefufuka. Tunajibu amefufuka kweli kweli. Mara nyingi hata kaburi lake silioni vizuri kwa ukungu, najua tu liko upande ule wenye mti.

Mwaka jana nilikwenda mjini kupeleka miche, nikapita Ruanda Nzovwe jioni. Kulikuwa na mkutano. Nikasimama pembeni, karibu kabisa na pale nilipouzia mayai, na mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka Mlima Loleza. Mhubiri alikuwa mzuri, aliongea juu ya mwana mpotevu bila kupiga kelele. Akatoa mwito. Nikahisi miguu inajua njia. Miaka yote hii, na miguu bado inajua njia.

Mama mtu mzima aliyekuwa amesimama jirani yangu akanigeukia. "Baba, nishikie mwavuli, naenda mbele mara moja."

Nikaushika. Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa, nami nimesimama chini ya mwavuli wa maua mekundu, mfuko wake wa viazi miguuni pangu. Waliongozwa sala ya toba. Nilirudia maneno nao kimya kimya, maana ni maneno ya kweli siku yoyote. Alirudi amelowa, kitenge kimemganda mabegani, uso unang'aa.

"Asante, baba. Wewe hukwenda?"

"Nilishakwenda, mama. Zamani."

"Ukaokoka?"

"Mara nne."

Alicheka mpaka akashika kifua. "Mimi hii ya leo," akasema, akichukua upande mmoja wa mfuko wa viazi na kunionyesha nichukue wa pili, "hii ni ya saba."

Tukaondoka na mwavuli mmoja mpaka barabarani kwenye bajaji.